Chupa za Kituo cha Tisa

Usiku ule Mama Kioo alipiga pasi shuka moja mara tatu. Mara ya kwanza shuka ilihitaji. Mara ya pili alijiambia kwamba pembe moja haikunyooka vizuri. Mara ya tatu hakujiambia kitu. Aliipitisha tu pasi huku macho yakiwa kwenye simu iliyolala kifudifudi mezani. Akaigeuza, akaona haina jipya, akailaza tena taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu. Huko ng'ambo, kwa watu waliokuwa wakijadili mambo ya binti yake, ulikuwa bado mchana. Hilo ndilo lililomkera. Yeye anahangaika gizani, na wenzake wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, bendera ndogondogo mbele yao, wanapitia faili moja baada ya jingine. Hakuwahi kuwaona. Lakini aliyesafisha vyumba vya mikutano miaka mingi anaijua mikutano hata ya mbali: anayesema sana huacha glasi yake imejaa, na mwenye uamuzi ndiye aliyemaliza maji.

Watu wale walikuwa baraza la mfuko mmoja mkubwa, uliochangiwa na mataifa mengi, wa kulinda bahari na kuwafunza wenyeji namna ya kuilinda wenyewe. Mfuko huo ndio ulioijenga maabara ya maji kule karibu na bandari, ukaleta mashine, ukasomesha watu sita, na mmoja wa hao sita alikuwa binti yake Mama Kioo, mtoto wake wa pekee. Awamu ya kwanza ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi. Usiku huo baraza lilikuwa linaamua kama kutakuwa na ya pili. Binti, mkuu wake na wenzao wawili walikuwa wamekesha kule kazini, mbele ya kompyuta, ili wakiulizwa wajibu.

Ila kufungwa kwa maabara silo lililomnyima Mama Kioo usingizi. Maabara hufungwa, watu wakaenda kwingine. Kilichomnyima usingizi ni ukurasa mmoja katika ripoti ya mkaguzi, wenye jina la binti yake, uliosema nambari zake za kituo cha tisa zinatia shaka na huenda zilitungwa. Aliyefutwa kazi hutafuta nyingine. Aliyeandikwa mwongo mbele ya mataifa, barua yake ya maombi ataipeleka wapi?

Na Mama Kioo alimjua aliyezichafua nambari zile. Ndiye huyo aliyekuwa ameshika pasi.

*

Jina la Mama Kioo alilipata kazini, kwa sababu sakafu yake ukiitazama unajiona. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua. Kusoma anasoma, ila kwa kupumzikapumzika, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo vya wodini, akiwa na miaka kumi na minne, na aliifanya miaka kumi na mmoja. Kule alimkuta muuguzi mkali aliyemfundisha jambo moja ambalo hakulisahau: chombo ukishakiosha, kisugue kwa kidole gumba. Kikilia, kimetakata. Kisipolia, rudia. "Kikombe kisicholia leo," alikuwa akisema yule muuguzi, "kesho kitamliza mtu."

Mama Kioo akaishi na neno hilo. Mumewe alipoaga kwenda kutafuta maisha, maisha yakampata huko huko asirudi. Yeye akabaki na mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Mtoto akakua katika harufu ya sabuni. Madaftari yake yalikuwa na majalada, sare yake haikuwa na doa, na walimu waliokuwa hawamjui mama walidhani ni mtoto wa watu wenye uwezo. Usafi ndio uliokuwa mali yao. Mama Kioo hakuwa na kingine cha kumrithisha.

Binti alipochukuliwa na ile maabara, kampuni ya usafi aliyoifanyia kazi Mama Kioo ilikuwa na zabuni ya jengo lile lile. Akaomba kuhamishiwa huko. Alimwambia kila aliyeuliza, na wasiouliza pia, kwamba hakumfuata mwanawe. Ni ukaribu tu wa nyumbani. Mlinzi wa getini, mtu mrefu mwenye maneno, ambaye jengo zima lilimwita Shemeji pasipo mtu kujua ni shemeji wa nani, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba anaelewa, bila shaka ni bahari yenyewe ndiyo iliyomwita.

Kazi ya maabara ilikuwa hivi. Mara mbili kwa mwezi boti ilitoka na kupita vituo tisa baharini, kuanzia karibu na mabomba ya maji machafu ya mji hadi mbali kabisa, juu ya majani ya bahari, ambako maji ni maangavu. Kila kituo walichota maji kwenye chupa za kioo, wakayaleta, wakayatia dawa. Walichokitafuta hasa ni fosfeti, kitu kinachoingia baharini kutoka kwenye mbolea na maji taka. Kikizidi, magugu hushamiri majini na samaki wakakosa hewa. Palipo na fosfeti, maji yakitiwa dawa hugeuka buluu. Kadiri buluu inavyokolea, ndivyo uchafu ulivyo mwingi. Kituo cha tisa, kwa kuwa ndicho safi kuliko vyote, kilikuwa ndicho kipimo cha vingine.

Binti alipewa kituo cha saba, cha nane na cha tisa, pamoja na rafu yake ya chupa. Alizisuuza kwa asidi hafifu, akazisuuza tena na tena kwa maji maalumu ya maabara, akazipindua zikauke zenyewe bila kufutwa. Ndivyo alivyofundishwa. Lakini jioni Mama Kioo alipopita na ndoo yake, aliziona chupa zile zina ukungu mwembamba mabegani. Akaichukua moja, akaisugua kwa kidole gumba. Haikulia.

Ilimuuma. Kesho watapita wageni, aliwaza, wataiona rafu hii, watasema mama mtu anang'arisha sakafu na mtoto hajui kuosha chupa. Juu ya rafu palibandikwa karatasi: Usiguse bila ruhusa. Aliisoma yote, kwa mapumziko yake. Akadhani inawahusu watu wengine. Mama wa mwenye chupa si mtu wa kupewa ruhusa.

Akawa kila jioni, watu wakishaondoka, anazishusha chupa za mwanawe, anaziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga aliyoitoa kwake katika kopo, anazisuuza, anazifuta kwa kitambaa cheupe mpaka zilie, anazirudisha vilevile zilivyokuwa. Rafu ya mwenzake binti hakuigusa. Naye ana mama yake, alijisemea, aje amwoshee.

Miezi minane.

*

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Nambari za saba, nane na tisa zilipanda, na binti akapanda nazo. Jedwali lake lilitumwa ng'ambo. Mkuu wa maabara, mwanamama mpole ambaye wote walimwita Daktari, alimsifu mbele ya watu kwa kugundua uchafu mahali ambapo hakuna aliyeutazamia. Mama Kioo aliisikia sifa ile akiwa nyuma ya mlango na fagio, akafagia palepale robo saa nzima. Jioni alimsimulia Shemeji, na Shemeji akataka kujua kama sasa atalazimika kumpigia saluti.

Halafu akaja mkaguzi wa mfuko. Alikuwa mtu wa adabu sana, na adabu yake ndiyo iliyotisha. Akapanda boti, akaenda mwenyewe hadi kituo cha tisa, akachota maji kwa chupa yake aliyokuja nayo. Maji yakatiwa dawa, yakabaki meupe. Akaomba apimiwe chupa ya kulinganishia, yenye maji maalumu ya maabara, ile iliyokuwa ikikaa kabatini kwa ufunguo. Nayo nyeupe. Basi mashine ilikuwa nzima, na bahari ilikuwa nzima. Akabaki binti na nambari zake.

Hakuna aliyemshutumu waziwazi. Lakini maneno yana miguu. Kwenye chumba cha chai mtu alisema, kama utani, kwamba bahari chafu huvuta wafadhili. Bahari safi nani atailipia? Wengine wakacheka. Mama Kioo alikuwa anafuta meza ileile. Akaifuta upande aliokuwa amekaa yule msemaji mpaka ikambidi ainue kikombe chake, kisha sahani yake, kisha viwiko vyake.

Wakati huo alikuwa bado hajui. Alijua siku ya mafunzo.

Mfuko ulikuwa na sharti kwamba kila mtu wa jengo, hata dereva wa boti, hata wa getini, akae darasani siku moja aelezwe kazi ya nyumba anayoitumikia. Mama Kioo alikaa nyuma pamoja na Shemeji, daftari jipya mapajani, kalamu mkononi, akiwa na furaha kama mtoto aliyerudishwa shule. Daktari alisimama mbele na bilauri mbili za maji. Moja akaitia chembe ya sabuni ya unga, kidogo cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Zote akazitia dawa. Wakasubiri. Moja ikabaki kama ilivyokuwa. Ile ya sabuni ikageuka buluu polepole, buluu nzito kama wino wa shule.

Daktari akaeleza kwamba ndiyo maana chupa za maabara haziguswi na sabuni. Hata ukisuuza, akasema, kinabaki kitu ambacho jicho halikioni, na kinatosha kuifanya bahari safi ionekane chafu.

Shemeji alimwinamia Mama Kioo akanong'ona kwamba basi shati lake ni bahari iliyokufa, maana leo kalifua mara mbili. Mama Kioo alicheka kwa sababu ilimbidi acheke. Mbele yake, safu ya pili, alikiona kisogo cha mwanawe, nywele zimesukwa vizuri, kimeinama juu ya daftari, kinaandika.

Jioni ile hakuzigusa chupa. Wala iliyofuata. Akajipa moyo kwamba yatapita. Nambari zitatulia, watu watasahau, na jambo litakufa kimya kimya bila mazishi. Hakujua kwamba kunyamaza nako ni kuosha kwa sabuni. Boti ilipotoka tena, nambari za binti zilishuka ghafla hadi kwenye usafi wake. Mkaguzi, ambaye ripoti yake ilikuwa bado mkononi, akaongeza mstari: kwamba nambari zilikuwa juu miezi minane, na zikashuka mara tu baada ya mhusika kuulizwa.

Binti aliusoma mstari ule jikoni, amesimama, bila kuvua viatu. Akausoma kwa sauti, kisha akaikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya mtungi wa chumvi kama kwamba ingepeperuka. Akamwambia mama yake kwamba amezirudia hesabu zake zote, usiku wa siku tatu, na hajaona kosa. Ingekuwa afadhali angeliona kosa, alisema, maana angejua ni nani wa kumkasirikia.

Mama Kioo alifungua kinywa. Kikatoka kwamba chakula kinapoa.

Na hivyo ndivyo wiki tatu tangu siku ya mafunzo zilivyokwenda. Kila siku alipanga kusema, na kila siku kukawa na sababu: leo amechoka, leo ana kichwa, leo amecheka kidogo, nisimharibie. Haikuwa hofu ya kufukuzwa kazi. Aliogopa jicho la mwanawe. Maisha yake yote alikuwa mama aliyemsafishia njia. Atamtazamaje sasa akijua ni mama aliyemsugua mpaka akambambua ngozi? Wahenga walishasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama Kioo aliijua methali hiyo tangu utotoni, na siku zote alidhani ni ya akina mama wanaowadekeza watoto kwa kuwaacha wachafu.

*

Saa tano ilipita. Saa sita ikapita. Akaipanga upya kabati ya vyombo. Akatoka barazani, akasikiliza jenereta ya jirani, akarudi, akakuta hajafunga mlango, akaufunga, akaenda kuhakikisha kama ameufunga.

Simu ililia mara ya kwanza. Binti aliandika neno moja: Bado.

Ikalia mara ya pili, baada ya muda ambao Mama Kioo aliutumia kufua vitambaa vya jikoni vilivyokuwa safi. Wamefika kwenye faili letu.

Mara ya tatu ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Aliusoma ujumbe kwa mapumziko, neno kwa neno, akisogeza kidole chini yake. Wanauliza kituo cha tisa. Wamenipa nusu saa niandae maelezo, kisha wanaamua. Sina maelezo. Wewe lala, mama.

Ni yale maneno ya mwisho yaliyomwinua. Mtoto anazama, na anamwambia mama yake alale.

Akajitanda mtandio, akafungua kabati ya chini, akatoa lile kopo. Akatoka. Kutoka kwake hadi maabara ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu asiye na haraka, na yeye aliutembea kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Mitaa ilikuwa imelala. Taa mbili za barabarani ziliwaka, ya tatu iliwaka na kuzimika kama inayofikiri. Penye ukuta mrefu wa maghala mbwa mmoja alimfuata hatua chache, akaona mtu huyu hana chakula wala woga wa mbwa, akamwacha. Njiani alikuwa anajipangia maneno. Alianza na samahani, akaona ni refu. Akaanza na mimi, akaona ni zito. Alipofika getini hakuwa na neno hata moja, ila kopo, nalo alilikumbatia kifuani.

Shemeji alimmulika kwa tochi, akaishusha.

"Mama Kioo, saa hizi sakafu imekukosea nini?"

"Fungua."

"Nimeambiwa asiingie mtu. Wako na wakubwa wa ng'ambo kwenye kompyuta. Mfuko gani huo usiolala, mimi sijui, lakini amri ni amri."

Mama Kioo akakibandua kifuniko, akalisogeza kopo kwenye mwanga. Shemeji akachungulia, akanusa, akamtazama.

"Sabuni."

"Ndiyo iliyochafua kituo cha tisa. Nilikuwa naziosha chupa za mwanangu."

Tochi ya Shemeji ilibaki inamulika miguu yao wote wawili. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, na hakuwa anatania:

"Ukiingia na hilo kopo utatoka huna kazi. Unalijua hilo?"

"Nimeanza kuosha vyombo nina miaka kumi na minne," alisema Mama Kioo. "Vyombo haviishi duniani. Mwanangu ninaye mmoja. Fungua, baba, nusu saa yao inakwisha."

Akafungua.

Ukumbi wa jengo ulikuwa na giza, na sakafu yake mwenyewe ilimwonyesha njia, maana mwanga uliotoka chini ya mlango wa chumba cha mikutano ulikuwa umetandaa juu yake kama maji. Akasikia sauti ya binti ndani. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtu anayesoma alichoandika bila kukiamini. Akabisha. Sauti ikakatika. Akabisha tena.

Aliyefungua ni Daktari, miwani imepandishwa kichwani. Nyuma yake, ukutani, skrini ilijaa nyuso ndogondogo, kila mmoja katika kisanduku chake. Binti alikuwa amesimama na karatasi. Akamwona mama yake, na mtandio, na kopo, na rangi ikamtoka usoni, kwa kuwa alidhani kuna msiba.

"Mimi ndiye niliyezigusa chupa," Mama Kioo alisema, kabla maneno hayajamkimbia. "Za rafu yake tu. Kila jioni, kwa hii sabuni. Niliona hazijatakata. Hakunituma. Hakujua."

Mmoja kwenye skrini aliuliza jambo, na Daktari akainua mkono kumwomba asubiri.

"Tangu lini?" aliuliza binti.

"Tangu ulipopewa rafu. Miezi minane."

"Sikuulizi hilo. Tangu lini unajua?"

Kuna maswali ambayo mtu huyajibu kwa kutazama chini. Mama Kioo alitazama chini, akaiona sakafu inamtazama.

"Tangu siku ya mafunzo."

"Wiki tatu, mama," alisema binti. Hakupaza sauti. "Wiki tatu umeniona nazirudia hesabu."

Daktari ndiye aliyeingilia kati. Aliwageukia watu wa skrini, akawaeleza kwa lugha yao, harakaraka, na Mama Kioo aliziona nyuso zile zikisogea karibu, moja baada ya nyingine, kama watu wanaochungulia kisima. Kisha Daktari akamgeukia yeye. Maneno matupu hayatatosha, alisema, hata yakiwa ya kweli. Mtu yeyote anaweza kumleta mama yake usiku. Je, anaweza kuiosha chupa moja mbele yao, vilevile alivyokuwa akiosha?

Wakaleta chupa mbili kutoka rafu ya binti, zote zimesuuzwa kwa utaratibu wa maabara. Wakaleta beseni. Kompyuta ikageuzwa imwelekee. Mikono ya Mama Kioo ilipoingia majini ikatulia. Ilikuwa kazi yake. Akachota sabuni kwa vidole, akaosha ndani, akaosha shingo, akasuuza mara tatu, akafuta kwa kitambaa. Kisha, kwa mazoea, kabla hajafikiri, akaisugua kwa kidole gumba. Chupa ikalia. Kwa jinsi chumba kile kilivyokuwa kimya, bila shaka ng'ambo waliisikia.

Binti aliichukua bila kumgusa. Akazijaza zote mbili maji yale yale ya maabara, akazitia dawa, akaziweka mezani chini ya taa. Rangi huchukua dakika kumi kutokea. Dakika kumi hizo hakuna aliyekaa. Mama Kioo alisikia saa ya mtu, na feni ya kompyuta, na pumzi yake. Ile ya kushoto ilibaki nyeupe tupu. Ya kulia ilianza kwa chini, kama moshi, ikapanda, ikakolea.

Buluu ile ilikuwa nzuri, kwa kweli. Hilo alilikumbuka baadaye kwa aibu.

Kwenye skrini mtu mmoja alivua miwani. Mwingine alisema neno, wakaanza kusemezana wote kwa pamoja. Daktari akamshika Mama Kioo bega, akamwomba akasubiri nje; baraza linataka kujadili, na binti atabaki, kwa kuwa wana maswali naye. Mlango ukafungwa.

*

Ukumbini palikuwa na benchi moja. Akakaa, akainuka, akakaa. Shemeji alimletea chai katika kikombe cha chupa yake ya chai, akaketi upande wa pili wa benchi, na kwa busara yake yote hakufanya utani. Baada ya muda mrefu alisema tu kwamba mama yake mzazi aliwahi kumfulia shati likiwa na vyeti vyake vya kazi mfukoni. Mama Kioo akauliza ikawaje. Shemeji akasema, ndiyo hivyo, akawa mlinzi. Akainuka akarudi getini kwake.

Sauti zilipanda na kushuka nyuma ya mlango. Mara aliisikia ya Daktari, mara ya mwanamume wa ng'ambo, iliyokwaruza kama redio. Ya binti hakuisikia, na hilo lilimtisha kuliko yote. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitambaa. Kwenye kitasa cha mlango aliona alama ya kidole, wazi kabisa, na ikambidi aikalie mikono yake ili asiende kuifuta. Akawaza: wakimsafisha jina, hatanisamehe. Akawaza: wasipomsafisha, hatanisamehe. Akaona kwamba hesabu zote mbili zinaishia mahali pamoja, na bado alikuwa anaomba ile ya kwanza.

Sauti zikakoma. Viti vikasogezwa. Kisha pakawa kimya, na kimya kikakaa, mpaka akaanza kudhani wametoka kwa mlango mwingine ambao anajua kwa hakika kwamba haupo, maana yeye ndiye anayelisafisha jengo lile.

Kitasa kikazunguka.

Binti alisimama mlangoni, macho mekundu, koti jeupe mkononi. Hakutabasamu. Alimtazama mama yake muda mrefu kidogo, kuanzia mtandio hadi viatu, na Mama Kioo alikivumilia kile alichokuwa amekikimbia wiki tatu, akaona kwamba jicho halikuwa lile aliloliogopa. Lilikuwa jicho la mtu aliyechoka.

"Ule ukurasa wameuondoa," alisema binti. "Fedha wameahirisha. Wametupa miezi mitatu tuchote maji upya, kituo cha kwanza mpaka cha tisa."

Mama Kioo aliitikia kwa kichwa. Hakuthubutu kuuliza kuhusu kazi yake mwenyewe.

"Daktari anataka uniangalie ninavyoziosha chupa. Kisha uoshe wewe, nikuangalie." Akausukuma mlango ukafunguka wote, akauzuia kwa mgongo. "Ingia, mama. Kopo liache nje."

Mama Kioo akalitua kopo chini, pembeni mwa kizingiti, akahakikisha kifuniko kimebana, akaingia.